Jitoe

Mizani ya bafuni haisomeki chini ya sanduku,
kwa hiyo nimelibeba kifuani, kama mtoto mwenye homa,
nikapanda nalo. Khelef akachutama asome:
tisini na tisa na nusu.
Nikapanda peke yangu: sitini na sita.
"Sasa toa," akasema, sauti ile ile ya darasani.
"Nitoe nini?"
"Jitoe wewe."

Thelathini na tatu na nusu. Ndege inataka thelathini.

Hapa Mabela saa nne za usiku ukuta bado una moto,
maji ya kiyoyozi yanadondoka kwenye ndoo ya rangi.
Miaka kumi na saba amewasomesha hesabu
watoto wa Barka, wa Musanaa, wa Suwaiq,
kwa Kiarabu cha vitabuni kilichowachekesha mpaka wakakizoea.
"Onesha njia." Jawabu sahihi lisilo na njia
alilipa nusu alama, na wazazi wakija juu
akawatilia kahawa, nusu ikabaki nusu.

Simu zilianza mwezi wa Rajabu.
Makame Faki, waliyekaa dawati moja Wete, hupiga saa nane za usiku:
mgombea wetu kanunuliwa, wa pili kavunjwa mguu,
tunataka mtu asiyedaiwa na mtu.
Asiyedaiwa! Nilicheka macho nimeyafumba.
Duka la chini lina daftari zima la jina letu.

Kiinua mgongo nimekihesabu mimi.
Riali elfu tisa na kidogo.
Humo mlikuwa na paa la mama yake,
ada ya Shemsa, na jino langu.
Sasa mna vipaza sauti viwili, gari la kukodi,
na fulana mia sita za rangi ambayo hapa sitoitaja.

Usiku hujizoeza jikoni.
"Ndugu wananchi," huiambia mashine ya kufulia,
kwa sauti ya mtu anayeomba kuongezewa siku za kodi.
Nchi ya watu imetufunza kusema chini.
"Kwa nguvu!" namwambia kutoka kitandani, "hata mimi sikusikii."
Hukohoa. Huanza upya, chini zaidi.

Jana kaja Bi Zayana, mwenye nyumba,
mzaliwa wa Unguja, Kiswahili chake hakijapata mvi.
"Mungu akuhifadhi, baba," akamwambia, machozi yakamlenga,
kisha akaniuliza mimi friji tunauza ngapi.

Kuna ninalolijua, silisemi mbele ya mtoto.
Hapa, kwenye foleni ya vibali, sisi Zinjibari tu,
hata kama babu yako hakuwahi kutoka Micheweni.
Kule, jukwaa la kwanza tu, watamwita Mmanga.
Watauliza kanzu ile kanunuliwa na nani,
watasema jangwa limemtapika, karudi kula.
Na usiku wa matokeo, wakisoma jumla isiyojumlika,
namjua huyu: atanyoosha mkono,
kama kwamba humo ukumbini yumo mwalimu.

Tumetoa halua. Tumetoa pasi na viatu vipya.
Saa ya ukutani, zawadi ya darasa la tisa,
ameibusu kioo, akamwachia Shemsa.
Alichokataa ni boksi la kalamu za ubao.
"Kwani Makame ana ubao?"
"Atatafuta. Kila kituo tutaandika idadi yake,
nje, watu waione njia."
Sikumjibu. Nikatoa shuka niliyomfumia,
nikaitia chini ya mto wangu, asione.

Tukapima tena. Nikalikumbatia, nikapanda.
Akachutama pale miguuni pangu, muda mrefu,
nami sioni chochote juu ya sanduku ila kishungi cha mvi
ambacho asubuhi hakikuwepo, au sikukitazama.
Hakusoma. Alinishika kifundo cha mguu, akanyamaza.

"Toa basi," nikamwambia.